Ile E ya Mwisho: Kutoka Kastilia mpaka Majengo

Kartie inayoitwa Majengo, katika komini ya Karisimbi hapa Goma, ina jina lililotoka katika kitenzi. Kujenga, jengo, majengo: hata mtoto wa darasa la kwanza anaiona njia yake. Majina kama hilo yako pia Mombasa, Nairobi, Moshi na Dodoma, kwani sehemu mpya za mji mara nyingi ziliitwa hivyo. Lakini leo hatutasema juu ya nyumba. Tunataka kukiangalia kitenzi chenyewe, na hasa herufi moja ya mwisho wake.

Anajenga: hiyo ni habari. Jenga! Hiyo ni amri. Na ajenge ni nini? Si habari, kwani hatusemi kwamba yule mtu amejenga wala kwamba anajenga. Si amri kamili, maana mwenyewe pengine hayuko mbele yetu. Ni kutaka, ni kuomba, ni kushauri, ni kuruhusu. Kitu hicho Wafaransa na Wabeleji walitufundisha kukiita subjontifu, na waseminari wetu wengi wanafikiri kwamba ni mali ya Kilatini na ya Kifaransa, iliyofungwa ndani ya vitabu vya gramatika pamoja na mitihani yake. Mwalimu mmoja, tusimtaje, aliwaambia wanafunzi wake wazi kwamba lugha za kwetu hazina jambo la namna hiyo. Aliyasema maneno yale kwa Kiswahili, na katika sentensi iliyofuata akawaambia: “Sasa mufungue vitabu, musome.” Mufungue, musome: subjontifu mbili kwa pumzi moja.

Tunaleta habari hii juu ya Kispanyola, kwa sababu vijana wa hapa wameanza kukitafuta, na kinachowafunga miguu tangu mwanzo ni subjontifu yake ya wakati wa sasa. Wanaifuata kupitia Kifaransa, nayo njia hiyo ni ndefu na ina matope. Njia fupi inapita nyumbani.

Kispanyola si lugha ya njia zetu za zamani. Wareno walifika kwenye mlango wa mto Kongo mwaka 1483, lakini Waspanyola hawakushika njia ya huku. Kusini mwa Sahara ni nchi moja tu iliyofanya Kispanyola kuwa lugha ya serikali, ndiyo Guinea ya Ikweta, iliyopata uhuru tarehe 12 Oktoba 1968. Kwetu Kivu lugha hiyo ilikuja katika midomo ya watu wachache. Walikuwapo watawa. Wakristu wa Bukavu hawajawasahau Wafrere wanne Wamarista, Servando Mayor, Miguel Ángel Isla, Fernando de la Fuente na Julio Rodríguez, wote Waspanyola, waliokaa pamoja na wakimbizi wa kambi ya Nyamirangwe na kuuawa huko Bugobe tarehe 31 Oktoba 1996, siku mbili baada ya Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa kuuawa.

Kisha wakaja askari. Uruguay ni nchi ndogo ya Amerika ya Kusini, lakini tangu mwaka 2001 ilituma watu wengi Kongo kuliko nchi nyingi kubwa. Batayo yake ilikuwa Bunia mwaka 2003, wakati wa mauaji ya Ituri. Askari wake walikuwa Bukavu mwaka 2004. Na Goma walikaa miaka mingi. Walikuwapo tarehe 20 Novemba 2012 M23 ilipoingia mjini mara ya kwanza, na mmoja wao aliuawa mwezi wa Januari 2025 katika mapigano ya kuuzunguka mji. Ndiyo maana mtoto wa Majengo asiyejua Madrid iko wapi alijua kusema “hola” na “amigo”. Wengine waliokota zaidi ya hayo, wakasimama kwenye magari kuuza vitu na kuongea.

Tena wasomaji wetu wanafahamu kwamba Baba Mtakatifu Fransisko, mzaliwa wa Buenos Aires, alikunywa lugha hiyo na maziwa ya mama yake. Alitazamiwa Goma mwaka 2022, na safari hiyo haikutimia; alipofika Kongo, tarehe 31 Januari 2023, alikaa Kinshasa tu, na watu wa mashariki wakamwendea huko. Naye Papa Leo wa XIV, siku ile aliyochaguliwa, tarehe 8 Mei 2025, aliacha Kiitaliano kidogo pale juu ya roshani, akawasalimu kwa Kispanyola watu wa Chiclayo, jimbo lake la zamani katika nchi ya Peru. Tangu siku hiyo tumesikia waseminari wakiulizana vitabu vya Kispanyola.

Basi, tuingie katika jambo lenyewe. Kispanyola kina mafungu matatu ya vitenzi: vyenye mwisho -ar, kama hablar, kusema, vyenye mwisho -er, kama comer, kula, na vyenye mwisho -ir, kama vivir, kuishi. Kila fungu lina vokali yake. Katika kutoa habari, fungu la -ar linashika A: habla, anasema. Mafungu mawili mengine yanashika E: come, anakula; vive, anaishi. Subjontifu inafanya nini? Inabadilishana vokali. Wenye A wanapokea E, na wenye E wanapokea A. Habla inageuka hable, aseme. Come inageuka coma, ale. Vive inageuka viva, aishi.

Atakaye kuyashika yote kwa kinywa ayarudie hivi: hable, hables, hable, hablemos, habléis, hablen. Kisha coma, comas, coma, comamos, comáis, coman. Na viva, vivas, viva, vivamos, viváis, vivan. Mtu wa kwanza na wa tatu wanafanana, kwa hiyo msikilizaji anahitaji kujua ni nani anayesemwa. Zile sura za “ninyi”, habléis na wenzake, ni za Uspanyola; watu wa Uruguay, kama Waamerika wote wa lugha hiyo, hawazitumii, bali wanasema ustedes hablen. Kwa vitenzi vinavyofuata kanuni hakuna kitu kingine cha kujua. Walimu wa Kispanyola hupenda kusema: chukua sura ya “mimi”, hablo, como, vivo, ondoa O, weka vokali ya upande wa pili. Ni kweli, na inasaidia sana kwa vitenzi vikaidi, lakini vya kanuni havina haja ya mzunguko huo.

Tukitafuta kitenzi cha Majengo kwa Kispanyola tutapata edificar, neno la Kilatini aedificare. Hicho ni kitenzi cha kanuni, tena kinatuonyesha mtego mmoja wa mwandiko. Edifica, anajenga. Ajenge: sikio linataka edifike, lakini Waspanyola wanaandika edifique. Sababu ni kwamba herufi C mbele ya E haisomwi K, inasomwa S kule Amerika, na kwa ulimi kati ya meno kule Kastilia. Basi wanaiondoa C na kuweka QU ili sauti ibaki ileile. Kwa sababu hiyohiyo llegar, kufika, inatoa llegue, na cruzar, kuvuka, inatoa cruce. Mwanafunzi asitishike. Sauti haikubadilika, kalamu tu ndiyo imebadilika.

Desturi hiyo ya kubadilishana vokali ilitoka wapi? Ilitoka Roma. Waliopita katika seminari ndogo wanakumbuka: cantat, anaimba, cantet, aimbe. Legit, anasoma, legat, asome. Kilatini kilikuwa na mafungu manne ya vitenzi. La kwanza lilipokea E, na matatu mengine yalipokea A. Katika vinywa vya askari, wakulima na watumwa wa Hispania, T ya mwisho ilianguka, na fungu la pili na la tatu yakachanganyika kuwa moja, ndiyo -er. Vivere, ambayo ilikuwa ya fungu la tatu, ilihamia kwa -ir. Mengi yaliharibika katika karne hizo, majina yalipoteza miisho yake, kitenzi cha kutendwa kikapotea karibu chote. Lakini mapatano yale ya A na E yalidumu. Cantet ikawa cante. Vivat ikawa viva. Wanaopiga kelele “Viva!” uwanjani au katika mkutano wa siasa wanasema subjontifu ya Kilatini yenye umri wa miaka elfu mbili, maana yake “aishi”. Na “Vive” ya Wafaransa, tuliyoisikia mwaka 1960 katika sherehe za uhuru, ni ndugu yake.

Kifaransa nacho kilitoka Roma, lakini kiliharibu zaidi. Il chante, anaimba. Qu'il chante, aimbe. Tazameni: hakuna tofauti hata moja, si kwa sikio wala kwa jicho. Vitenzi vya -er ndivyo vilivyo vingi kabisa katika Kifaransa, na katika hivyo subjontifu ya umoja imejificha yote. Kwa hiyo mtoto wa Goma anayefundishwa subjontifu kwa Kifaransa anaambiwa aone kitu kisichoonekana. Anashika orodha ya maneno yanayotangulia, il faut que, bien que, afin que, na anaamini kwamba subjontifu ni adhabu inayofuata neno que. Kisha anafika kwenye Kispanyola na dhana ileile, naye anaandika quiero que habla, kwa sababu hajawahi kusikia tofauti. Lakini mtoto huyohuyo, mama yake akimwambia “nataka uende sokoni”, hasemi kamwe “nataka unaenda”. Sikio lake liko tayari. Hakuna aliyemwonyesha tu.

Mtu wa kwanza aliyeandika gramatika ya Kispanyola na kuipiga chapa ni Antonio de Nebrija, mwaka 1492, ule mwaka ambao Granada ilianguka na Kolumbo akavuka bahari. Kitabu alimtolea malkia Isabela, akimweleza kwamba lugha na utawala husafiri pamoja. Nebrija alikuwa mwalimu wa Kilatini, naye aliweka namna tano za kitenzi: ya habari, ya amri, ya kutamani, ya subjontifu, na ile isiyo na mtu. Ya kutamani na ya subjontifu alizitenga, ingawa katika Kispanyola sura zake ni zilezile, kwa sababu Wagiriki walikuwa nazo mbili. Hivi ndivyo watu wa gramatika walivyo: wanamvisha mtoto nguo ya babu yake, hata kama inaburuta chini.

Nguo hiyo ilivuka bahari pia. Mwaka 1560 Mdominiko Domingo de Santo Tomás alipiga chapa kule Valladolid gramatika ya Kikechua, lugha ya watu wa milima ya Peru, akaipanga kwa kufuata Kilatini. Mwaka 1584, baada ya Mtaguso wa tatu wa Lima, ilitoka katekisimu ya lugha tatu, Kispanyola, Kikechua na Kiaimara. Wamisionari wale walipaswa kutafuta kwa kila lugha namna ya kusema lile neno ambalo Kilatini kinaliita fiat. Makatekista wetu wanaifahamu kazi hiyo. Sala kubwa za Kanisa si habari wala si amri. Ni maombi, na gramatika ya maombi ni subjontifu. Sanctificetur kwa Kispanyola ni santificado sea, kwa Kiswahili litukuzwe. Waseminari wa zamani waliimba sanctificetur, adveniat, fiat, na wakristu waliokaa nyuma yao wakasali nyumbani kwa litukuzwe, ufike, lifanyike. Mtaguso wa Vatikano II ulipofungua mlango kwa lugha za watu, tarehe 4 Desemba 1963, wengine waliogopa kwamba lugha hizo hazitatosha. Ile E ilikuwa imetosha siku zote.

Sasa tuje kwetu. Wazungu walioandika Kiswahili waliikuta E hiyo mapema. Johann Ludwig Krapf, aliyekaa Rabai karibu na Mombasa, alitoa gramatika yake fupi huko Tübingen mwaka 1850. Edward Steere, Askofu Mwanglikana wa Unguja, alitoa kitabu chake London mwaka 1870. Padri Charles Sacleux, wa Shirika la Roho Mtakatifu, alitoa gramatika kubwa mwaka 1909. Wote waliona kwamba A ya mwisho inageuka E, na wakaipa jina walilolijua kutoka Kilatini. Jina ni lao. Kitu ni chetu. Tena si cha Waswahili peke yao. Mnyarwanda anasema akora, anafanya kazi, na akore, afanye kazi. Mganda anasema akole. A. E. Meeussen, mwana elimu wa Tervuren, katika kitabu chake cha mwaka 1967 juu ya asili ya lugha za Kibantu, aliirudisha E hii mpaka kwa lugha mama ya zote. Ni kusema kwamba wazee wetu walikuwa wakiisema kabla hawajatawanyika kutoka magharibi, mbele ya misafara yote, na mbele ya Roma kujua kwamba kuna Afrika huku chini. Lingala imeiacha, inaonyesha jambo hilo kwa kupandisha sauti mwanzoni mwa kitenzi, na A inabaki mwishoni. Mtu wa Kinshasa basi atapata taabu kidogo zaidi ya mtu wa Goma.

Tusidanganyike, hata hivyo. Kufanana huko kwa soma, asome na canta, cante ni bahati tu. Lugha hizo hazina undugu. Kilatini hakikuikopa E kwetu wala sisi kwao. Lakini bahati si kitu cha kutupa, na mwalimu mwerevu ataishika.

Kuna jambo kubwa zaidi ya vokali. Ni pale lugha hizi mbili zinapokataza. Mfaransa akitaka kukataza, anachukua amri na kuizungushia ne na pas: parle, ne parle pas. Mspanyola hafanyi hivyo. Amri yake ni habla, sema. Lakini katazo lake ni no hables, na hiyo ni subjontifu. Na Mswahili? Sema, usiseme. Hatusemi “si sema”. Tunaingiza si katikati na kuleta E mwishoni. Njia ni moja kabisa. Vilevile kwa heshima. Mspanyola anayesema na mtu mkubwa, yule anayemwita usted, hamtolei amri kavu. Anatumia subjontifu: hable, pase, aseme, apite. Na mtoto aliyelelewa Majengo hamwambii mzee “leta kiti”, anamwambia “uniletee”, au zaidi anakileta mwenyewe. “Kuya” ni kwa mtoto na rafiki. “Mukuye” ni kwa mgeni. Wale wa pwani watatucheka kwa mukuye yetu, wao wanasema mje. Wacheke. E yetu ni ileile.

Hapa historia yetu inaingia kwa uchungu. Johannes Fabian, katika kitabu kilichotoka mwaka 1986 juu ya Kiswahili katika Kongo ya zamani za Wabeleji, alivipitia vile vitabu vidogo vya maneno vilivyotungwa kwa ajili ya Wazungu wageni, akaonyesha jinsi vilivyokuwa vya kuamuru: maneno ya safari, ya mizigo, ya jikoni, ya kazi. Mzungu alijifunza leta, beba, fagia, nyamaza. Hakujifunza ulete, kwani kitabu hakikuona haja. Wazee wetu walikuwa na lugha yenye ngazi nyingi za kuomba na kuheshimu, nao wakasemeshwa miaka mingi kwa ngazi moja, ile ya chini kabisa. Kisha wageni walewale waliandika kwamba Kiswahili cha Kongo ni maskini. Tunaona ni haki kusema kwamba umaskini ulikuwa wa kitabu.

Wamisionari nao, tuseme kweli, hawakuwa wote sawa. Lakini aliyetaka kufundisha sala hakuweza kukaa na amri peke yake. Sala ilimlazimisha kujifunza ile E.

Turudi kwa mwanafunzi wetu, maana kufanana kuna mipaka, na asiyeionyeshwa ataanguka mbele. Mahali lugha mbili zinapokwenda pamoja ni hapa: kutaka, quiero que hables, nataka useme, kuomba, kulazimu, es necesario que coma, ni lazima ale, kusudi, para que vivan, ili waishi. Hapo atafsiri bila woga. Lakini Mspanyola anaipeleka subjontifu mbali kuliko sisi. Akiwa na shaka, anaitumia: dudo que hable. Sisi tunasema “nina shaka kama anasema”, na hatubadilishi mwisho. Akifurahi au akisikitika, anaitumia: me alegra que vivas aquí, sisi tunasema “nafurahi kwamba unaishi hapa”. Akisema juu ya jambo lisilofika bado, anaitumia: cuando llegue, sisi tunatumia po au ki, atakapofika, akifika. Kanuni yao ni kwamba lolote ambalo msemaji halisimamishi kama habari yake mwenyewe, linapata vokali ya upande wa pili. Kanuni yetu ni nyembamba zaidi: E ni kwa kile kinachotakiwa kitendeke.

Kuna neno moja linalounganisha pande zote mbili kwa njia ambayo wengi hawaitazamii. Mspanyola akitamani sana anasema ojalá, na baada yake lazima subjontifu: ojalá hable, ojalá coman. Neno hilo si la Kilatini. Waarabu waliingia Hispania mwaka 711, na utawala wao wa mwisho ulianguka ule mwaka wa 1492. Wakaacha huko maneno mengi, na moja ni hili, lenye jina la Mungu ndani yake, maana yake ni kama kusema Mungu angependa. Katika pwani yetu Waarabu waliacha inshallah, na tena laiti, neno la kutamani kisichopatikana. Yule mama Mkatoliki wa Montevideo asemaye ojalá na mwenzake wa Zanzibar asemaye inshallah wamekunywa kisima kimoja.

Na maneno hayo ya Kiarabu yametuletea ugumu mmoja ambao Kispanyola hakina. Vitenzi vyetu vilivyotoka Kiarabu havina A mwishoni: kusamehe, kujibu, kufikiri, kurudi. Hivyo havina cha kugeuza. Asamehe, ajibu, arudi: E haipo au ilikuwapo tangu mwanzo, na subjontifu inajulikana kwa kukosa alama ya wakati tu. Katika Kispanyola kila kitenzi cha kanuni kinageuka, hakuna kinachosamehewa. Mwalimu asichukue kusamehe wala kurudi kama mfano wa siku ya kwanza. Achukue kusoma, kuandika, kupika, kujenga.

Tumesema kwamba jambo hili lina uzito nje ya darasa, nasi tutaleta ushuhuda wa mji wenyewe. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilipasuka, kama ilivyopasuka mwaka 1977 na mwaka 2002. Moto ulishuka mpaka Buhene, kaskazini ya mji, ukasimama pale. Ardhi iliendelea kutetemeka. Tarehe 27 Mei, asubuhi sana, gavana wa kijeshi alitangaza kwamba kartie 10 kati ya 18 za Goma zihamishwe, na Majengo ilikuwa moja ya hizo. Tangazo lilitoka kwa Kifaransa, nalo lilikuwa na neno obligatoire. Katika njia za kartie liligeuka Kiswahili, mdomo kwa mdomo: watu waondoke, watu waende Sake, wasibaki. Tuone vizuri. Ondokeni! ni sauti ya anayekufukuza. Waondoke ni sauti ya jirani anayekupasha habari ya kile kinachotakiwa, naye mwenyewe anafunga godoro lake. Mamia ya maelfu ya watu walitembea siku ile juu ya neno lenye E mwishoni. Na mwezi wa Julai 2022, watu walipoandamana Goma dhidi ya MONUSCO, kelele za Kifaransa zilikuwa amri. Lakini aliyetaka kueleza jambo lile nyumbani kwa Kiswahili hakuwa na njia isipokuwa iende, iondoke. Askari wa Uruguay, kama alikuwa na sikio, angaliweza kuitambua hiyo vokali, kwani kwake pia anayetaka mgeni aende zake anabadilisha vokali ya mwisho.

Mwanzoni mwa mwezi wa Juni 2021 serikali iliruhusu kurudi polepole. Mspanyola angesema regresen, kutoka regresar, kitenzi cha kanuni kabisa, A yake imegeuka E. Hapa Majengo neno lililopita nyumba kwa nyumba lilikuwa watu warudi. Na kwa kuwa rudi ni la Waarabu, mwisho wake haukugeuka.